Terry Hirst: Mzungu aliyetuchorea Joe na kutuletea Lwanda Magere

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Nilikipata nikiwa na miaka tisa, ndani ya sanduku la bati la mjomba wangu, mwalimu mstaafu, huko Awendo. Kilikuwa chini kabisa, kimefunikwa na magazeti makuukuu na risiti za miwa. Mvua ilikuwa inanyesha, stima imepotea, na kwenda uwanjani haiwezekani. Basi nikaketi mlangoni penye mwanga kidogo, nikaanza kufungua kurasa.

Alikuwa Lwanda Magere.

Sasa, hadithi hiyo nilikuwa naijua. Mtoto gani wa Kijaluo hajasimuliwa? Shujaa wa Kano mwenye mwili wa jiwe. Mikuki ilimgonga kifuani ikaanguka chini kama vijiti. Maadui zake, wale wazee wetu huwaita Lang'o, wakachoka kuzika watu wao. Wakaamua kumpelekea msichana mrembo awe mke wake, kumbe amekuja kupeleleza. Siku moja Lwanda akaugua, na mke akaambiwa achanje dawa. Si mwilini, maana wembe haupiti kwenye jiwe. Achanje kivuli. Alipochanja kivuli, damu ikatoka. Usiku huo huo akatoroka kwenda kwao na ile siri. Vita vilivyofuata, mkuki ulirushwa kwenye kivuli, na shujaa akaanguka, akabaki jiwe hadi leo.

Nyanya yangu aliisimulia vizuri sana, tena kwa sauti ya kutisha. Lakini kuiona kwa picha ilikuwa mambo mengine. Kabla ya siku hiyo, mashujaa wote niliowahi kuona wamechorwa walikuwa watu wa mbali: Superman, Spider-Man, na wale wa kwenye DVD za shilingi hamsini. Nilikuwa nimeamini, bila hata kujua kwamba naamini, kuwa watu wetu ni wa kusimuliwa tu usiku. Kuchorwa ni kwa wengine. Siku hiyo nikagundua nimedanganywa, na aliyenidanganya ni mimi mwenyewe.

Kitabu nilikirudisha sandukuni. Mwandishi sikumjua, maana jalada lilishapotea. Miaka ikaenda.

Nilikuja kujua nikiwa chuoni, mwaka wa kwanza, kabla karo haijanishinda. Kile kitabu kilitoka kwenye mfululizo ulioitwa Pichadithi. Picha na hadithi, neno moja. Nikalifuata hilo jina hadi nikafika kwa mtu aliyeanzisha mfululizo wenyewe: Terry Hirst. Nikatafuta sura yake. Mzungu.

Kusema ukweli nilishtuka, na nikaudhika kidogo. Yaani hata Lwanda Magere? Lakini nikaendelea kusoma kumhusu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumpenda. Ndiyo maana naandika leo. Amefariki zaidi ya miaka kumi iliyopita, na ukiwauliza vijana wa rika langu hapa Migori kama wanamjua, watakuuliza kama huyo ni mchezaji wa Chelsea.

Hirst alizaliwa mwaka 1932 mjini Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza. Hesabu mwenyewe: Vita Vikuu vya Pili vilipoanza alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Alisomea sanaa na ualimu, na mwaka 1965 akaja Kenya kufundisha. Nchi ilikuwa na miaka miwili tu tangu uhuru. Wazungu wengi walikuwa wanafunga virago. Yeye alikuwa anafungua.

Alifundisha Kenyatta College, hiyo ambayo leo ni Kenyatta University. Kumbuka mahali pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, na palikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka huo huo wa 1965. Palipokuwa pa wanajeshi sasa pakawa pa walimu. Hirst akaja kuongoza idara ya sanaa. Kazi yake ilikuwa kuwafunza walimu ambao nao wangekwenda kuwafunza watoto wa Kenya kuchora.

Na hakukaa darasani peke yake. Alikuwa kwenye kundi la wasanii na wasomi walioanzisha Paa ya Paa Nairobi, jumba la sanaa la Waafrika wenyewe. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro. Jina lenyewe ni mchezo wa Kiswahili, na wewe msomaji umeshaling'amua: paa mnyama, na paa ya kuruka juu. Kwenye kundi hilo alikuwepo pia kijana mmoja mwandishi wa habari aliyesomea fizikia Harvard, ambaye alikuwa Mkenya wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Jina lake Hilary Ng'weno. Shika jina hilo.

Hebu sasa tuangalie Wakenya walikuwa wanasoma nini siku hizo kwa upande wa picha. Kwenye gazeti la Taifa Leo kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye wazazi wetu na wazazi wao walimcheka kwa miongo mingi. Huyo ni baba wa katuni zetu za Kiswahili na anastahili makala yake mwenyewe. Kwenye vibanda vya magazeti kulikuwa na Lance Spearman, yule mpelelezi Mwafrika wa kofia na suti kali, ambaye hadithi zake zilitengenezwa kwa picha za kamera badala ya michoro. Wazee wanamwita Spear, na ukimtaja mbele yao watasahau walichokuwa wanakwambia. Zaidi ya hapo, vitabu vya picha vilikuwa vya kutoka nje. Watoto wa Uingereza wanakunywa chai na kukimbizwa na polisi wa Uingereza.

Ng'weno alikuwa na safu ya mzaha kwenye Daily Nation, na Hirst akawa anaichorea. Ndani ya safu hiyo kulikuwa na jamaa mmoja aliyeitwa Joe. Joe si tajiri, Joe si mwanasiasa. Ni mtu wa kawaida wa Nairobi: ana kazi ndogo, ana bosi mkubwa, ana kiu, na ana maoni juu ya kila kitu. Watu wakampenda. Wale wawili wakaona huyu jamaa amekuwa mkubwa kuliko safu, anahitaji nyumba yake.

Mwaka 1973 nyumba ikafunguliwa: jarida la Joe.

Nataka uelewe ilikuwa miaka ya aina gani. Mwaka huo huo Meja Mwangi alitoa riwaya ya Kill Me Quick, kuhusu vijana wawili waliomaliza shule wakaenda Nairobi na vyeti mkononi, na Nairobi ikawatema kama ganda la muwa. Miaka miwili nyuma, Charles Mangua alikuwa ametoa Son of Woman, na watu walikuwa wanaisoma wakicheka huku wakiangalia nyuma kama mchungaji yuko karibu. Uhuru ulikuwa na miaka kumi. Ahadi zilikuwa nyingi, kazi chache, na mji unajaa. Watu walianza kuulizana kimyakimya: kwani tulipigania nini?

Joe ndiye aliyeuliza swali hilo kwa sauti, ila aliliuliza akicheka. Hirst alimchora kama mtu ambaye amepigwa na maisha pande zote na bado anakuja kesho yake. Mtu anayecheka kwa sababu akiacha kucheka atalia. Ukifikiria, huyo ni hasla kabla ya neno hasla kuingia kwenye siasa. Ni yule jamaa wa boda pale stendi ya Migori, mafuta yamepanda, polisi wamemsimamisha mara mbili, na bado anakuchekesha hadi unafika nyumbani.

Ndani ya jarida kulikuwa na mchanganyiko. Kuna hadithi fupi za waandishi Wakenya, kuna barua za wasomaji, kuna vichekesho, na kuna katuni za visanduku. Moja iliitwa The Good, the Bed and the Ugali. Ukiwahi kusikia ile sinema ya cowboy ya Clint Eastwood, unajua jina limechezewa wapi. Ugali umeingia Hollywood, bana! Na jalada lilikuwa kazi ya Hirst mwenyewe. Jalada zima linakuwa hadithi: watu wamejaa, kila mtu na shughuli yake, na Joe yuko humo ndani.

Kitu kimoja cha kujua: siku hizo mchoraji hakuthubutu kumchora Rais kwa mzaha. Uhuru huo ulikuja miaka ya tisini, baada ya vyama vingi kurudi. Mwezi Machi 1975 J.M. Kariuki aliuawa. Mwisho wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Jarida la Joe lilikuwa linachapishwa katikati ya hayo yote. Basi Hirst angefanya nini? Hakuchora ikulu, alichora baa. Hakuchora baraza la mawaziri, alichora foleni ya basi. Ukisoma foleni ya basi vizuri unapata habari za baraza la mawaziri. Mwananchi alielewa, na mkubwa hakuwa na pa kushika.

Ng'weno hakukaa sana kwenye Joe. Alikwenda kuanzisha The Weekly Review, iliyotoka mwaka 1975 na kuwa jarida la siasa lililoheshimika kuliko yote Kenya. Hirst akabaki na Joe, akiliendesha pamoja na Nereas Gicoru. Wakasukuma hadi 1979, kisha Joe akanyamaza. Miaka sita. Kwa jarida la vichekesho linalojitegemea Afrika ya siku hizo, miaka sita ni umri wa mzee. Na wote mnaoendesha kurasa zenu mtandaoni mnajua jinsi matangazo yanavyopatikana leo na kukosekana kesho.

Mtu mwingine angerudi Brighton. Angekuwa na sababu: umri unakaribia hamsini, jarida limekufa, nchi imebadilisha rais. Hirst akaanza upya.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, chini ya kampuni yake ya Kul Graphics, ndipo Pichadithi ikazaliwa. Wazo lilikuwa rahisi hadi unashangaa kwa nini halikufanywa mapema. Chukua hadithi za jadi za Waafrika, zile zinazosimuliwa jikoni, zigeuze vitabu vya katuni, uziuze kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaweza. Lwanda Magere akaingia. Abunuwasi, yule mjanja wetu sote Waswahili, akaingia. Hadithi za jamii mbalimbali zikaanza kupangana kwenye rafu moja, toleo baada ya toleo.

Msomaji, hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ukubwa wa huyu mtu ulipo.

Mimi nachora. Nimejaribu kugeuza hadithi ya mdomo kuwa visanduku, na ni noma. Nyanya akisimulia, ana sauti, ana mikono, ana giza, na ana wewe unayeogopa. Akitaka Lwanda awe mkubwa, anafungua macho tu na Lwanda anakuwa mkubwa. Mchoraji hana hayo. Ana karatasi. Na karatasi inauliza maswali ambayo nyanya hakuwahi kuyajibu. Lwanda alikuwa na pua ya aina gani? Ngao yake ilikuwa ndefu au ya duara? Nyumba ya yule mke wa Lang'o mlango wake uliangalia wapi? Jua lilikuwa upande gani? Hilo la jua ni kubwa, kwa sababu hadithi nzima ni kivuli. Jua likikosewa, hakuna kivuli. Hakuna kivuli, shujaa hafi.

Kisha kuna ukurasa. Unaweka damu ya kivuli chini kabisa ya ukurasa wa kulia, ili mtoto afungue haraka aone nini kitafuata? Ama unaificha ukurasa wa pili ili imshtue? Msimulizi ananyamaza ndipo watu washike pumzi. Mchoraji naye ananyamaza kwa nafasi tupu kati ya kisanduku na kisanduku. Watu wanafikiri katuni ni kazi ya kitoto. Jaribu.

Hirst alifanya kitu kingine. Kwenye gazeti, katuni ilikuwa ya mtu mzima anayesoma akienda kazini. Yeye akaileta kwa mtoto, lakini si kwa kumletea mtoto wa London. Alimletea mtoto wa Kano habari za Kano, na pia habari za Pwani, na za mlimani. Kwamba mtoto wa Kisii amsome Lwanda Magere na wa Migori amsome Abunuwasi, kwa michoro, bila kuhubiriwa umoja wa taifa. Sisi watu wa hapa Migori tunajua thamani ya hilo. Mji wetu una Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali, Wahindi wa maduka, na Watanzania wanaovuka Isebania kila siku. Kila nyumba ina hadithi yake na jirani haijui.

Sasa turudi kwenye lile swali lililoniudhi. Ni sawa Mzungu atuletee hadithi zetu kwa picha?

Nimelijadili swali hili na marafiki mpaka chai ikapoa. Kuna mmoja alisema ni ukoloni mwingine tu wenye penseli. Siwezi kumpuuza. Ni kweli kwamba mwaka 1965 Mzungu aliyehitimu angeweza kufunguliwa milango ambayo kijana wa Suna hakujua hata kama ipo. Ni kweli pia kwamba tungependa jina la kwanza kwenye orodha hii liwe Otieno au Chacha. Na vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, si Dholuo wala Kiswahili. Hilo linauma bado.

Lakini angalia alichofanya na ile nafasi. Hakuchora Waafrika wa kuchekwa, wale wa midomo mikubwa na mifupa puani ambao vitabu vya Ulaya vilijaa. Joe alikuwa na heshima hata akiwa amelewa. Pili, hakuwa peke yake: kazi zake kubwa alizifanya pamoja na Wakenya, kuanzia Ng'weno hadi Gicoru. Tatu, hakuja kuchukua hadithi akaenda kuziuza kwao. Alizichapisha hapa, kwa watoto wa hapa. Na nne, alikaa. Alikuja 1965 na akaishi Kenya hadi kifo chake. Nusu karne. Kuna wanasiasa wetu ambao hawajakaa Kenya muda huo ukijumlisha safari zao.

Jibu langu ni hili: mlango aliufungua yeye, lakini hakuufunga nyuma yake. Hilo ndilo muhimu. Tazama waliopita baada yake. Kuna Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyehamia Kenya na kutupa Akokhan, shujaa wa Kiafrika mwenye nguvu za ajabu aliyekuwa anatoka gazetini. Odoi naye ameondoka, alifariki Aprili 2012 kwenye ajali ya matatu Nairobi. Kuna Paul Kelemba, tunayemjua kama Maddo, ambaye ametembea nchi nzima na kalamu yake. Kuna Gado kutoka Tanzania, aliyeingia Nation mwaka 1992 na kuwatoa jasho marais. Na mwaka 2010 ikaja Shujaaz, kwa Sheng, ya bure, ikigawiwa ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Kizazi changu kilimjua DJ Boyie kabla ya kumjua mbunge wao. Sisemi Hirst aliwafunza wote hao. Nasema walikuta tayari imeshajulikana kwamba Mkenya atatoa pesa, au muda wake, kusoma katuni inayomhusu.

Mwaka 1994 Hirst, akiwa ameshapita miaka sitini, alifanya jambo lingine la kwanza. Akishirikiana na Davinder Lamba wa Mazingira Institute, alitoa The Struggle for Nairobi. Ni kitabu cha katuni, lakini si hadithi ya kubuni. Ni historia ya mji: reli ilipofika pale kwenye majimaji ya Wamasai mwaka 1899, jinsi mji ulivyogawanywa kwa rangi za watu, nani alipewa mlima na nani alipewa bonde, na nani amekuwa akifukuzwa tangu wakati huo. Leo vitabu vya aina hiyo vinashinda tuzo kubwa kule Ulaya na Marekani. Huyu alikuwa anafanya Nairobi, miaka thelathini nyuma, ili mwananchi aelewe mji wake ni wa nani.

Ukiiangalia vizuri, ni kazi ile ile. Joe alikuwa mtu mdogo kwenye mji mkubwa. Lwanda Magere ni mtu mkubwa mwenye siri ndogo. The Struggle for Nairobi ni mji mzima wenye siri ambazo wakubwa wasingependa zichorwe. Kila mara Hirst alikuwa anatafuta kivuli kiko wapi, ndipo achanje hapo.

Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 82. Magazeti yalimwandikia, wachoraji wenzake wakamlilia, halafu maisha yakaendelea. Hakuna barabara yenye jina lake ninayoijua. Hakuna duka hapa Migori ambapo unaweza kuingia ukanunua Pichadithi. Nimeuliza maduka yote ya vitabu mjini. Wana vitabu vya mtaala na kalamu za rangi.

Na hapa ndipo ninapoumia. Mwaka jana nilirudi Awendo kumuona mjomba. Nikamuuliza kuhusu lile sanduku la bati. Akafikiri kidogo, akacheka kwa huzuni. Sanduku lilioza chini, mchwa wakaingia. Yaliyobaki yaliwashia jiko wakati wa matanga. Sikumlaumu. Nani aliwahi kumwambia kwamba kile kitabu bila jalada kina thamani? Mimi mwenyewe niliyekipenda hivyo nilikiacha humo miaka yote.

Hivyo ndivyo vitu vyetu vinavyokufa. Havichomwi na adui. Vinawashia jiko.

Wengine mnajua kazi yangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilirudi nyumbani, na sasa natengeneza programu za mazishi kwenye saiba ya rafiki yangu. Wiki nzima naweka picha ya marehemu juu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, na wasifu uliojaa sifa. Nimegundua jambo moja: watu hupata picha yao nzuri kuliko zote siku ambayo hawawezi kuiona. Nilikuwa nimeamua kuchora ni utoto, nimeshapoteza karo ya watu, sasa nikae nifanye kazi ya pesa. Ni Hirst aliyenibadilisha mawazo. Si kwa sababu alifaulu. Ni kwa sababu jarida lake lilikufa akiwa na miaka arubaini na saba, na kazi iliyokuja kunifikia mimi mlangoni kwa mjomba ilikuwa ile aliyoanza baada ya hapo.

Kwa hivyo nimeanza. Usiku saiba ikifungwa nachora Nyamgondho, yule mvuvi maskini wa Gwassi, kule upande wa Homa Bay. Alitega nyavu ziwani akanasa mwanamke mzee. Akamchukua nyumbani, na utajiri ukaja naye, ng'ombe hadi boma halitoshi. Kisha mvuvi akalewa, akamtukana yule mama. Mama akanyanyuka akarudi ziwani, na ng'ombe wote wakamfuata majini mmoja mmoja. Nyamgondho akabaki amesimama ufuoni akiwaangalia, hadi akageuka kisiki. Ukienda Nyandiwa utaonyeshwa mahali penyewe.

Nimekwama kwenye ukurasa wa ng'ombe. Nimeuchora mara nne. Sijui nimuonyeshe Nyamgondho usoni, au nimchore kwa nyuma tu, yeye na ziwa na mikia inayozama. Kwa Kiswahili nitaandika, na Dholuo kidogo mahali panapohitaji.

Nina ombi moja kwako. Ukifika nyumbani kwenu, fungua lile sanduku la babu, au lile kabati la mwalimu mstaafu. Ukikuta jarida linaloitwa Joe, au kitabu chembamba kilichoandikwa Pichadithi, usikitupe. Kipige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, kisha ukiweke mahali pakavu. Kama ni Lwanda Magere na hana jalada, huenda ni ndugu wa yule wa mjomba wangu. Msome kwanza, ukiwa umeketi mlangoni penye mwanga. Kisha mpe mtoto.